Kichwa Kimefika, Trela Bado

Kosa langu la kwanza pale Malaba lilikuwa kumwamsha mtu kwa simu.

Nilikuwa nimefungua kibanda cha kutengeneza simu miezi michache tu kabla ya hapo, kando ya barabara upande wa Kenya, mahali malori yanapopanga foleni kusubiri kuingia Uganda. Alfajiri moja mzee tuliyemwita Mwamshaji alikuja akichechemea, mguu umevimba, akaniomba nimfanyie kazi moja. Kulikuwa na dereva wa lori la mafuta ya kupikia ambaye alitaka kuamshwa foleni ikianza kusogea, na foleni ilikuwa inasogea. "Nenda, gonga mlango, ongea na yeye mpaka ajibu vizuri," aliniambia. Lori lilikuwa mbali kidogo, na mezani nilikuwa na simu ya mteja iliyofunguliwa, skrubu zake nimezipanga jinsi ninavyopenda zikae. Namba ya dereva nilikuwa nayo. Nikampigia. Akapokea, akasema kwa sauti safi kabisa, "Sawa boss, nimeamka." Nikarudi kwenye skrubu zangu.

Haukupita muda nikasikia bati likilia. Lori lile lilikuwa limewashwa na kuachiwa breki, likateremka taratibu, bila haraka yoyote, mpaka likaegemea mgongo wa lori la mbele. Katikati ya hayo mawili, punde tu kabla ya hapo, alikuwa amesimama mama mwenye beseni la mayai ya kuchemsha. Yeye aliwahi kuruka. Beseni halikuwahi. Dereva alishuka, akatazama mayai yaliyosagika kwenye lami, akauliza ni nani amewasha gari lake. Hakuikumbuka simu yangu. Hakukumbuka kushika ufunguo. Nilimwonyesha kwenye kioo cha simu kwamba tulizungumza, akanitazama kama mtu anayesingiziwa.

Nilingoja Mwamshaji anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa juu ya tairi bovu, akanyoosha mguu wake mbaya, akasema:

"Mutu naamka kama lori. Kichwa nafika kwanza. Trela iko nyuma, nakuja pole pole. Wewe uliongea na kichwa."

Sitamtaja jina. Pale foleni hakuna aliyelitumia. Kila mtu alimwita Mwamshaji, na yeye mwenyewe alipoulizwa jina na maaskari wa mpakani alijibu hivyohivyo, kisha akakumbuka na kuongeza lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa na chumba upande wa Uganda, akifanya kazi upande wa Kenya. Alivuka daraja kila jioni na kurudi kila asubuhi, mwelekeo tofauti na wa watu wengine wote.

Kazi yenyewe haikuwa na ofisi. Malori yanaweza kusimama nusu usiku bila kusogea hata urefu wa bampa. Dereva aliyetoka Mombasa anaegemea kiti na kulala. Foleni ikifunguka akiwa amelala, wa nyuma wanampita, na akizinduka anakuta nafasi yake imekwenda na ugomvi umeanza. Ndiyo maana walimtafuta Mwamshaji. Alijua nani amelala wapi na amekuja na mzigo gani, na yote hayo aliyabeba kichwani. Alipita kando ya malori na fimbo yake, kofia ya sufu imeshushwa mpaka masikioni, akigonga milango kwa chini, mara mbili, kisha anangoja.

Hakupiga kelele. Alisema ukimshtua mtu, atakayeamka ni hofu yake, na hofu haijui kuendesha lori. Alianza kwa kumsalimu kwa lugha yake. Alikuwa na Kidhopadhola cha nyumbani, Kiteso cha kutosha, Kisamia cha kuombea maji, na Kijaluo alichodai ni kizuri kuliko cha Wajaluo. Halafu yalikuja maswali. Umebeba nini? Unakwenda wapi? Jana ulikula nini? Na la mwisho, ambalo hakuliacha kamwe: mama yako anaitwa nani?

Nilimsikia asubuhi moja na dereva wa Mombasa, mtu mnene, kichwa kimetoka dirishani na macho bado yamefumba.

"Mama yako naitwa nani?"

"Mamangu yakuhusu nini?"

"Jibu."

"Mzee, wallahi ntakuteremkia."

"Teremka."

Yule bwana akateremka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Hivi wewe mzee una wazimu? Kila nikipita hapa waniuliza mamangu. Wataka kumposa? Mamangu ana mume, na mumewe akikuona na hilo likofia lako atakutoa mbio mpaka Kampala!"

Mwamshaji akanigeukia, ametulia kama aliyepewa risiti. "Huyu ameamka," alisema. Kisha kwa dereva: "Asante. Nenda salama. Salimia mama."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Mtu akimtukana vizuri, kwa sentensi nzima yenye mwanzo na mwisho, basi trela imefika. "Sawa, sawa" hakuikubali, kwa sababu hata maiti wa usingizi anasema sawa. Mlokole mmoja wa Eldoret alishindwa kabisa kutukana, na Mwamshaji akasimama mbele ya bampa yake mpaka alipotoa sala ndefu na kuimaliza bila kurudia maneno. Alisimama hivyo kila mara, mbele ya lori. Nilimwambia ni hatari. Alijibu kwamba ndiyo maana anasimama hapo: akisimama kando atakubali majibu ya uvivu.

Mimi ni mtu wa kuhakiki mambo. Baada ya mayai yale nilikaa na simu nikasoma kila nilichokipata kuhusu usingizi, kama nilivyojifunza kazi yangu ya ufundi, peke yangu, bila mwalimu, nikirudia kila ukurasa nikiogopa nimeelewa visivyo. Nikaona kwamba mwili una saa yake. Ndani ya ubongo, nyuma kidogo ya macho, kuna kitu kinachopokea habari za mwanga na kuvitangazia viungo vingine: sasa ni mchana, sasa ni usiku. Kabla ya alfajiri joto la mwili hushuka na akili huwa nzito, hata kama mtu ameamua kuwa macho. Na ukimtoa mtu katikati ya usingizi mzito, kuna muda anaoweza kusema na kutembea ilhali hayupo. Nilifurahi mno. Nikamkimbilia Mwamshaji na simu mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo mutu aliandika," aliuliza, "amelala Malaba?"

"Hapana, Mzee."

"Basi amepata kwa bahati."

Jambo moja lilinikaa. Sisi tunaosema Kiswahili tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya nuru, na saa moja ya usiku ni ya kwanza ya giza. Nimeisema hivyo tangu utotoni bila kufikiri. Nilipokuwa nasoma kuhusu saa ya mwili nilihisi kama nimesomewa kitu ambacho bibi zetu walikwisha kukifunga kwenye lugha, wakatuachia tukipite kila siku bila kukitazama.

Lakini sitaki nimpambe Mwamshaji. Aliwasema madereva wanaotafuna mairungi, yaani miraa, ili wasilale, akiwa na mairungi yake mwenyewe shavuni. Chai yake ilikuwa nyeusi, na sukari aliimimina mpaka mama wa chai akamnyang'anya kijiko. Alikula chakula chake kikubwa wakati watu wengine wanakwenda kulala, na asubuhi, wenzake wakinywa uji, yeye tumbo lilikuwa limejaa upepo. Aliwaambia madereva, "Usingizi ni mgeni. Usipomfungulia mlango wa mbele, ataingia kwa dirisha." Kwake mwenyewe huyo mgeni alikuwa akiingia kwa dirisha kwa miaka mingi.

Nilikiona chumba chake mara moja, nilipompelekea redio niliyomtengenezea. Ilikuwa mchana wa jua kali. Paa la mabati lilikuwa likilia kwa joto. Dirishani alikuwa ametundika gunia la mahindi, na bado mwanga ulipenya kwenye kila tundu la msumari, ukamwagika kitandani kama mchele. Nje watoto walicheza mchezo wa kati, kanisa la jirani lilijaribu spika zake, mtu alisaga mahindi. Yeye alikuwa amekaa kitandani kwa fulana, macho mekundu.

"Umelala, Mzee?"

"Vipande. Kipande hapa, kipande pale. Jioni naviunga."

Na kuna siku alikataa kumwamsha mtu. Dereva alikuwa ameendesha bila kupumzika, uso umeingia ndani. Aliomba aamshwe baada ya muda mfupi tu. Mwamshaji alifika mlangoni, akamsikiliza anavyopumua, akaondoka. Foleni nzima ikampita yule mtu. Alipozinduka jua limetoka, tajiri wake alikuwa amempigia mpaka amechoka. Nilimsikia akilia kwenye simu, akisema "tafadhali" mara nyingi. Hakuwahi kumsemesha Mwamshaji tena. Akipita Malaba alifunga kioo. Nilimwuliza Mwamshaji kama alifanya sawa. Alitafuna, akatema pembeni. Mpaka leo sijui, na naamini yeye pia hakujua.

Sasa niseme kuhusu mimi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nilimganda. Mimi nilifanya kazi usiku kwa hiari. Usiku hakuna mteja anayesimama juu ya kichwa chako akitazama mikono yako inavyotetemeka. Nilifungua simu, nikaifunga, nikaifungua tena kuona kama nilikaza skrubu ile ya pembeni, ambayo nilijua nimeikaza. Kulipokucha nilikuwa naanza kulala, na moyo ulinidunda kama nimekimbizwa. Mama yangu, anayeuza vitenge sokoni Busia, alinipigia kila baada ya sala ya alfajiri. "Mwanangu, unalala saa ambazo malaika wanagawa riziki," alisema. "Wakifika kwako wanakuta mlango umefungwa, wanampa jirani." Nilicheka, kisha nikakaa kitandani nikiogopa malaika.

Asubuhi tulikutana kwa mama wa chai, Mwamshaji akimaliza kazi na mimi pia. Alinitazama siku moja kwa muda mrefu.

"Fundi. Mimi nakaa macho sababu watu wananituma. Wewe nani anakutuma?"

Nikasema nina kazi nyingi.

"Hapana. Wewe iko na foleni ndani ya kichwa, na hakuna gari."

Niliudhika siku nzima.

Ule mguu haukupona. Kilianza kidonda kidogo kwenye kidole, kikapanuka. Nilimpeleka kwa nesi Tororo, akapima sukari, akapima presha, akatikisa kichwa mara mbili. Alikuwa nesi mchangamfu, mwenye kusema mambo makali akitabasamu. "Mzee, dawa nitakupa," alisema. "Lakini mwili wako haujui saa ngapi. Unakula usiku wakati tumbo limefunga duka. Unalala mchana wakati damu inataka kutembea. Kidonda hakiwezi kupona kwa mtu ambaye hapumziki. Rudi nyumbani, lala usiku kama watu. Ukikaa Malaba, huu mguu tutaukata."

"Mimi nimeamsha nusu ya Kenya," Mwamshaji akasema, "leo naambiwa nilale?"

"Ndiyo. Zamu yako."

Aligoma. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimsomea, nikamsihi, nikamwambia atalala siku tatu nyumbani na mwili utarekebika. Siku tatu! Nilitamka hilo kwa uhakika wa mtu asiyelala mwenyewe. Mwishowe alikubali, akaenda kijijini kwake Iyolwa, ambako binti yake Athieno, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa akilima shamba la familia. Nilimpakia kwenye gari na kifurushi chake na redio, nikarudi kibandani nikijiona nimefanya jambo jema. Nilifanya kazi mpaka asubuhi.

Athieno alinipigia baada ya juma moja hivi. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Kaka fundi, baba hapana lala. Watu wakizima taa, yeye ndiyo anaamka. Anachukua fimbo anatoka. Anazunguka."

"Anazunguka wapi?"

"Boma za watu. Jana amegonga kwa jirani. Mara mbili, chini ya mlango. Jirani ameuliza nani. Baba amesema, 'Mama yako naitwa nani?'"

Nikaanza kufunga kibanda.

Anayetoka sehemu zetu hahitaji kuelezwa. Huku, kuanzia Busia mpaka Tororo, kila mtu amekua akisikia habari za wakimbia usiku, wachawi wanaotoka uchi kuzunguka nyumba za watu, kugonga milango na kuitikisa. Na mtu akikuuliza jina la mama yako gizani, usimjibu. Jina hilo ndilo wanalolitumia kukufunga. Mzee mmoja, mgonjwa, aliyeishi mbali miaka mingi kwa kazi ambayo hakuna kijijini aliyeielewa, ambaye hulala mchana na kutembea usiku. Kama mtu angetaka kumtunga mchawi kamili, asingebadilisha kitu. Huku wazee wamefukuzwa, na wengine wamechomewa nyumba, kwa sababu ndogo kuliko hizo. Na mimi ndiye niliyemtuma huko.

Nilikwenda. Kikao cha kumjadili kilifanyika mchana, uani kwa Mwamshaji, kwenye kivuli cha ghala la mtama. Mwenyekiti wa kijiji alikalia kiti cha plastiki, jirani kwenye kinu kilichopinduliwa, Athieno kwenye mkeka na mikono mapajani. Mwamshaji alikuwa kwenye benchi, mguu umefungwa kitambaa, akisinzia. Kusinzia kwake kulinitia hofu kuliko kitu kingine: mchana kweupe, watu wanamjadili, na yeye kidevu kimegusa kifua.

Jirani alikuwa mtu mpole. Ningependa kusema alikuwa na chuki, lakini hakuwa nayo. Alikuwa na watoto.

"Mimi hapana sema yeye ni mchawi," alianza. "Mimi nauliza tu. Jogoo akiwika saa tano ya usiku, sisi tunamfanya nini?"

Jogoo anayewika wakati usio wake huchinjwa kabla hapajakucha.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimepanga maneno kama skrubu, na yakaanguka yote. Nikasema kuhusu saa ya mwili. Nikasema mwanga. Nikatoa simu niwaonyeshe.

"Hiyo saa iko wapi?" mwenyekiti akauliza. "Kifuani?"

"Kichwani, mwenyekiti. Nyuma ya macho."

"Nani ameiona?"

"Wataalamu."

"Na ya kwake imekwenda mbele ama imerudi nyuma?"

Watu wakacheka. Nikaanza kueleza upya na nikajikwaa. Athieno akanivuta shati nikae. Akamgeukia baba yake, akamgusa goti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba. Mama yako anaitwa nani?"

Mwamshaji akafungua macho. Akamtazama. Akatutazama sisi sote. Halafu akamporomoshea binti yake tusi refu la Kidhopadhola ambalo sikulielewa, ila nilimwona mwenyekiti akiziba mdomo, na jirani akitazama chini, mabega yakitikisika.

"Sasa ameamka," Athieno akasema. "Muulizeni yeye."

Mwamshaji alieleza kazi yake. Sikuwa nimewahi kumsikia akiieleza kwa mtu. Alisema miguu yake inaamka yenyewe, inataka kwenda kazini, haijui kwamba foleni imebaki Malaba. "Ile usiku niligonga kwako," alimwambia jirani, "mimi sikuwa nimeamka. Mimi nimeongea na watu wa namna hiyo maisha yangu yote, sikujua mimi pia ni mmoja wao. Kichwa ilitoka. Trela ilibaki kitandani. Nisamehe. Nilikutisha na watoto."

Mwenyekiti alifikiri. Alitoa uamuzi ambao bado nauona wa haki, ingawa uliniumiza: Mwamshaji asitoke nje ya nyumba yake kabla jogoo hajawika. Akionekana tena gizani, hata mara moja, atafute pa kukaa. Kwa mguu ule, pa kukaa palikuwa Malaba tu, na Malaba nesi alikwisha kusema itakuwaje.

Niliporudi nilitengeneza ratiba. Ilikuwa ratiba nzuri, ya rangi, kila saa ya mchana na usiku ikiwa na shughuli yake. Nilimtumia Athieno kwenye simu. Akajibu: "Asante kaka. Ni nzuri. Lakini baba hapana soma, na mimi nina karanga za kupalilia."

Alichofanya yeye kilikuwa hiki. Kila asubuhi, jua likitoa kichwa tu, alimtoa baba yake nje na kigoda, akamkalisha shambani uso mashariki, akampa jembe la mkono apalilie karanga akiwa amekaa, mpaka jua liwe kali. Chai hakupewa baada ya adhuhuri, na sukari ikatoka kabisa. Chakula cha jioni kililiwa watu wakiwa bado wanaonana nyuso. Mchana baba akisinzia, Athieno alikaa mbele yake na lile swali, akaliuliza mpaka atukanwe vizuri. Matusi yale yalivuka ua. Mwanzoni watoto wa jirani walikimbia. Baadaye wakawa wanakuja kusikiliza, na mama yao akawa anawaita warudi akiwa anacheka. Jirani alimwambia Athieno kwamba mchawi husema kwa upole mchana. Hajasikia mchawi anayetukana binti yake kwa sauti namna hiyo mbele ya watu.

Usiku ulikuwa kitu kingine. Athieno alifunga mlango, akavaa ufunguo shingoni, akatandika mkeka akalala nyuma ya mlango. Baba yake alizunguka chumbani. Alimsikia akihesabu malori. Usiku mmoja, aliniambia, alimsikia akilia, akisema kwamba wanaondoka, wote wanaondoka, na hajamwamsha hata mmoja. Athieno hakufungua. Alilia upande wake wa giza, akashika ufunguo.

Siku tatu nilizoahidi ziliisha, majuma yakaisha. Nilipiga simu mara nyingi kuliko ilivyokuwa adabu. Jibu lilikuwa "bado", kisha "kidogo", kisha siku moja Athieno akasema, "Jana alilala mpaka nikaogopa, nikaenda kusikiliza kama anapumua."

Nilimwona tena baada ya mavuno. Nilikuwa nimekwenda Tororo kununua vipuri, nikapitia Iyolwa nikidhani nitakaa kidogo na kuondoka, lakini mvua ikafunga barabara. Mwamshaji alikuwa amekonda. Kidonda kilikuwa kimekauka, ngozi mpya imeng'aa kidoleni, naye alinionyesha kile kidole kama mtu anavyoonyesha mjukuu. Tulikula mapema, kwa nuru ya mwisho. Simu yangu ilizimika na hakukuwa na pa kuichaji. Nilijaribu kumweleza habari za Malaba, na katikati ya maelezo nikaona kichwa chake kimelala begani. Giza lilikuwa limeingia sasa hivi tu. Athieno akampeleka ndani. Mimi nilipewa kitanda cha kamba chumba cha mbele, nikajilaza na hofu zangu, nikijua sitapata usingizi.

Kitu kilichofuata ni sauti ya fimbo. Mara mbili, chini.

"Umebeba nini?" sauti ikauliza.

"Vioo," nikasema. "Vioo vya simu."

"Unakwenda wapi?"

"Sawa, sawa."

"Mama yako naitwa nani?"

Mimi ni mtu ninayeomba radhi hata kwa kiti nikikigonga. Sijawahi kumjibu mzee vibaya. Lakini nilikuwa mahali pa chini sana, penye joto, pasipo na skrubu hata moja, na kuna mtu alikuwa ananitoa huko. Nikamwambia yeye na fimbo yake na kofia yake ya sufu waende wakaposane huko Malaba, na wakipata watoto wasiniletee niwaamshe.

Halafu nikasikia akicheka mpaka akashika ukuta.

"Trela imefika," alisema. "Habari ya asubuhi, Fundi."

Nikakaa, nimejaa aibu. Mlango ulikuwa wazi na nje kulikuwa kunapambazuka. Jogoo alikwisha kuwika. Mwamshaji alinihakikishia hilo kabla sijauliza. Alikuwa anatoka kwa jirani. Binti wa yule bwana ana mitihani shuleni mwaka huu na hupenda kudurusu asubuhi mapema, na baba yake alikuja mwenyewe kumwomba Mwamshaji awe anamgongea.

"Na unamwuliza jina la mama yake?"

"Hapana. Huyo namwuliza hesabu." Akakaa kwenye kigoda chake, akageuza uso mashariki. "Akikosa, namwacha alale kidogo."

Siku hizi nafunga kibanda magharibi. Nikishakaza skrubu siifungui simu tena, isipokuwa siku mbaya, na siku mbaya zimepungua. Mama akipiga baada ya sala ya alfajiri, ananikuta macho.